Tumelipa, Tupewe Barabara

Sisi wenye Golf GTI huku Alupe, kati ya Busia na Malaba, tumechoka kuambiwa tuuze magari yetu tununue Toyota Probox. Maneno hayo tunayapata kwa fundi, kwa kijana wa kuziba panchari, kwa mashemeji tukikutana matangani, na kwa mwendesha boda boda anayesimama kututazama tukipanda tuta kimshazari, gurudumu moja baada ya jingine. "Mkubwa, hiyo gari si ya hapa." Si ya hapa kivipi? Ina nambari za Kenya, ina bima ya Kenya, na petroli yake tunainunua papa hapa Busia. Wala sisi si matajiri. Kati yetu kuna walimu, maajenti wa forodha, muuguzi, wauza nafaka, na mhadhiri mmoja wa chuo kikuu. Wengi tulichukua mkopo wa sacco, tukaagiza gari lililokwisha kutumika Japani karibu miaka saba, kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza.

Tunalipenda gari hili, na hatuoni haya kulisema. Golf GTI ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt mwezi Septemba mwaka 1975. Volkswagen wenyewe, huko Wolfsburg, Ujerumani, walikuwa wamepanga kutengeneza 5,000 tu. Zikauzwa zaidi ya laki nne za aina ile ya kwanza, iliyoanza na injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 110 na uzito wa kilo mia nane na kitu. Watu walipenda wazo lenyewe: gari la mwalimu, lenye milango ya kupakia magunia na watoto, lakini linalokimbia na magari ya wakubwa. Kizazi cha tano kilipotoka mwaka 2004 kilikuwa na turbo, lita 2.0 na farasi 200. Asubuhi ya Jumapili, barabara ikiwa tupu kutoka Busia kuelekea Bumala, utaelewa. Giaboksi yake ina klachi mbili, moja ya gia za witiri na nyingine ya gia za shufwa, kwa hiyo gia inayofuata huwa imeshaandaliwa kabla hujaihitaji. Hakuna kusita. Unaingia kona na usukani unakuambia kila kitu kilicho chini ya tairi.

Shida ni kwamba unakuambia kila kitu kweli. Kwa kizazi cha sita Wajerumani waliishusha GTI milimita 22 mbele na 15 nyuma chini ya Golf ya kawaida. Tairi za 225/40 kwenye rimu za inchi 18 zina ukuta wa milimita 90 tu kati ya rimu na lami. Upana wa kiganja chako, basi. Kwenye shimo lenye ncha kali, kitakachopinda ni rimu. Lakini shimo unaweza kulikwepa ukiliona. Tuta halikwepeki.

Hapa tunaomba tueleweke vizuri, maana tukilalamikia matuta watu hudhani tunataka kukimbia mbele ya shule. La hasha. Watoto wetu wanasoma Alupe hii hii, mama zetu wanavuka barabara kwenda hospitali, na wanafunzi wa chuo wanatembea ukingoni usiku. Tuta liwepo. Tunacholalamikia ni tuta lililorundikwa bila kipimo, lenye kichwa kilichochongoka, lisilo na rangi wala kibao, unalolijua baada ya kusikia sampu ya oili ikikwaruza. Mengine yaliwekwa na wananchi wenyewe baada ya mtoto kugongwa, na hatuwezi kuwalaumu, kwani walingoja serikali hadi wakazika. Mwenzetu mmoja alitobolewa sampu usiku, oili ikamwagika yote, na kwa kuwa hakuzima injini mapema akanunua injini nyingine. Deni la gari lenyewe alikuwa bado analilipa.

Anayesema gari la Kijerumani haliwezi barabara zetu hajui historia ya nchi hii. Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962, wakati barabara nyingi zilikuwa za udongo na tope la masika linafika magotini. Mwaka 1978 Porsche walikuja na 911 iliyoinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini, na Vic Preston Junior akamaliza wa pili. Wale walijua njia walizokuwa wakiziendea, wakaandaa gari lao kwa ajili yake. Lakini ile ilikuwa ni mbio, tena njia zenyewe ziliteuliwa kwa ugumu wake. Barabara ya kwenda kazini mtu hapaswi kuijengea gari la mashindano. Baadhi yetu tumeweka springi ndefu zaidi na vipande vya mpira juu ya shokabsoba, tukapata sentimita mbili tatu, na uendeshaji wote tulioulipia ukaharibika.

Halafu kuna malori. Mtu wa Nairobi hawezi kuelewa foleni ya Malaba mpaka aingie ndani yake. Sehemu kubwa ya mzigo wa Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo ya mashariki unaopanda kutoka Mombasa kwa barabara unapita Malaba au Busia, na mpaka mmoja ukikwama madereva wanakimbilia mwingine, sisi tuko katikati. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya corona, na maabara ya KEMRI ya hapa Alupe ikizidiwa na sampuli, malori yalijipanga kilomita na kilomita. Tulivumilia, ulikuwa ugonjwa. Sasa ugonjwa umepita lakini trela bado zinaegeshwa juu ya lami, mstari mzima, na tunaobaki upande mmoja tunapishana kwa zamu na boda boda, baiskeli na ng'ombe.

Foleni ya namna hiyo ndiyo inayoua giaboksi. Gari la klachi mbili limetengenezwa liende. Ukilisogeza hatua moja, usimame, usogee tena, klachi inashika nusu na kuachia, inashika nusu na kuachia, na joto linapanda. Zile zenye gia sita zina klachi zinazooga kwenye oili, zinastahimili kiasi. Walioumia zaidi ni ndugu zetu wa Golf na Polo ndogo zenye gia saba na klachi kavu. Habari hii haikuzuliwa Busia. Mwaka 2013 Volkswagen yenyewe iliyaita magari hayo kwa wingi yarudi kurekebishwa, China ikiwa mbele, na mwezi Novemba wakatangaza kubadilisha oili ya sintetiki ya giaboksi waweke ya madini, kwa sababu kwenye nchi za joto na unyevu ilikuwa inaleta hitilafu za umeme. Joto na unyevu tunavyo, ziwa halipo mbali. Anayeagiza gari kama hilo aulize kama lilirekebishwa, tena aulize kwa maandishi. Oili ya ile ya gia sita inatakiwa kubadilishwa kila kilomita 60,000, lakini hesabu hiyo haijui saa tatu ulizokaa Malaba bila kumaliza kilomita moja. Sisi tumekubaliana kubadilisha kila 40,000.

Mafundi wetu hatuwagombezi. Kijana wa gereji ya Busia atakufungulia Toyota akiwa amefumba macho, kwa sababu Toyota ndizo alizoletewa tangu utoto. Hii yetu inataka kompyuta ya kusoma hitilafu, inataka oili ya aina fulani na si nyingine, na kipuri kinatoka Kirinyaga Road Nairobi kwa basi la usiku, au tunavuka kwenda soko la Kisekka, Kampala, tukabahatishe. Uchungu wetu ni kwa wanaotuuzia magari yaliyorudishwa nyuma mita za kilomita. Unaona 68,000 kwenye dashibodi, giaboksi ina uzee wa laki mbili.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo tunapodai haki yetu. Chukua thamani ya forodha ya shilingi 100. Ushuru wa kuingiza gari ni asilimia 35, uliopandishwa kutoka 25 mwezi Julai mwaka 2023. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa injini ya petroli ya lita mbili. Juu ya yote, VAT ya asilimia 16. Ongeza ada ya tamko la forodha asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2. Piga hesabu mwenyewe: kwa kila shilingi 100 za gari tumeipa serikali shilingi 100 nyingine. Hapo gari bado liko Mombasa.

Likianza kutembea tunaendelea kulipa. Tozo ya kutunza barabara ilikuwa shilingi 18 kwa kila lita ya petroli, ikawa 25 mwezi Julai mwaka 2024. Tangi la Golf linachukua lita 55. Kila tukijaza, shilingi 1,375 zinakwenda kutunza barabara. Mwenye Probox analipa 25 hiyo hiyo, mwenye boda boda pia, na mwenye lori analipia dizeli yake. Mwaka huo huo serikali ilitaka kutuongezea kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na ni pendekezo hilo kuondolewa kwenye Mswada wa Fedha mwezi Juni ndiko kulikotuokoa.

Kwa hiyo asituambie mtu tuuze. Tuta lisilo na rangi linalotoboa sampu yetu ndilo hilo hilo lililomrusha mwendesha boda boda na abiria wake usiku, na trela iliyozimika bila taa, ikawekewa matawi ya mti badala ya pembetatu ya kuonya, haichagui itagongwa na Golf au na ambulensi. Tunataka matuta ya kipimo kimoja kutoka Busia hadi Malaba. Tunataka uwanja wa kuegesha malori nje ya lami, na askari wa kuyaondoa yanayokataa, bila kujali mwenye lori ni nani. Hayo yanahitaji bajeti, tunajua. Rangi nyeupe na vibao vya kuonya havihitaji kungoja bajeti ya mwaka ujao: vinaweza kuwekwa wiki hii, kabla mvua haijaanza.