Paka Mchanga na Saa Zake za Kula



Mwanafunzi mmoja alitufuata baada ya masomo akatuuliza: «Mwalimu, pusi wetu mdogo hula kila kitu wala hashibi. Baba amesema tusimpe chakula tena, ili njaa imfundishe kukamata panya. Je, ni kweli?» Wenzake waliosimama karibu walicheka sana. Sisi hatukucheka, maana swali lile lilitukumbusha kosa tulilolifanya nyumbani mwetu wenyewe.

Mwaka huo panya walituingilia ghalani wakatoboa magunia mawili ya mahindi. Jirani akatupa paka wa majuma matano. Tukasema: Huyu ni mfanyakazi, na mshahara wake ni panya. Basi hatukumwekea kitu. Kumbe mfanyakazi mwenyewe uzito wake haukufika nusu kilo, na baadhi ya panya wa ghala lile walikuwa karibu sawa naye! Alilia usiku kucha. Watoto wakamhurumia, wakamgawia kwa siri bukari na maziwa ya unga kutoka vikombe vyao. Alikula kwa pupa, tumbo likafura kama ngoma, akatapika, akaharisha siku tatu. Asubuhi ya nne tulimkuta amelala kando ya jiko, hawezi kuinua kichwa. Binti wetu mdogo akauliza: «Baba, nimemuua mimi kwa maziwa yangu?» Tulikosa neno la kumjibu, kwa kuwa mkosaji hakuwa yeye.

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo. Yeye alimnywesha maji kidogo kidogo, akampa dawa ya minyoo, na siku ya pili ilitoka minyoo mirefu kama tambi. Kisha akatueleza mambo ambayo kwa miaka mingi ya kufundisha hatukuwahi kuyafikiri.

Kwanza, paka mchanga ana njaa ya kweli. Mtoto wa paka huzaliwa na gramu kama 100, na akitunzwa vema aweza kufikia kilo moja katika mwezi wa tatu. Hesabu, ewe msomaji: amejijenga mara kumi kwa muda mfupi hivyo! Kwa kadiri ya uzito wake, ahitaji chakula mara mbili hata mara tatu kuliko paka mkubwa. Lakini tumbo lake ni dogo. Ndiyo sababu hawezi kula shibe ya siku nzima kwa mara moja. Akilazimishwa na njaa kufanya hivyo, hutapika. Afadhali tutazame desturi ya porini. Panya mdogo wa nyumbani ana gramu kama 20, na paka mkubwa ahitaji panya kama wanane au kumi kwa siku. Hawali wote pamoja, bali mmoja sasa, mmoja baadaye, mchana na usiku. Paka ameumbwa kula kidogo na mara nyingi.

Tangu siku hiyo tulishika saa. Mtoto wa paka aliyekwisha acha kunyonya, yaani tangu juma la nane, tunampa mara nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita, saa kumi, na saa mbili usiku kabla ya kulala. Kila mara twampa kadiri ya panya mmoja au wawili wadogo. Sahani hukaa chini kama dakika ishirini, kisha huondolewa na kuoshwa, maana chakula kilichobaki katika joto letu huoza upesi na kuita nzi. Akipita miezi minne, mara tatu zatosha. Akipita miezi sita, mara mbili. Maji safi yawepo daima. (Yule wa majuma matano hakupaswa kutoka kwa mama yake bado. Jirani alitaka kutusaidia, nasi tulipokea bila kuuliza.)

Na kile kilio cha alfajiri? Hapa wengi hushindwa. Paka huamka mapema kwa kuwa mapambazuko ni saa ya mawindo. Ukiondoka kitandani na kumpa chakula ili anyamaze, umemfundisha kwamba kilio ni ufunguo wa chungu, naye kesho atalia saa tisa za usiku. Mke wetu alivumilia majuma mawili bila kuamka. Sisi, twakiri, tulishindwa mara mbili.

Sasa, chakula gani? Ng'ombe na mbuzi huishi kwa majani, mtu hula vyote, lakini paka hawezi kuishi bila nyama au samaki. Kuna kitu kimoja kiitwacho taurini, ambacho mwili wake hauwezi kukitengeneza kwa kutosha. Akikikosa muda mrefu, macho hupofuka na moyo hulegea. Bukari haina hata chembe yake. Kwa hiyo twaweza kuongeza bukari kidogo, isipite theluthi ya sahani, lakini paka wa bukari tupu ni paka anayekufa polepole.

Sisi tukaao Kalemie tuna bahati ya ndakala. Twaloweka waliokauka ili mchanga na chumvi vitoke, twawachemsha, twawaponda pamoja na mifupa yao midogo, ambayo hujenga mifupa ya paka. Mchuzi tusiumwage, kwa kuwa taurini huyeyuka majini; tuumwagie juu ya chakula. Wabichi wasipewe kila siku, maana samaki wabichi wa namna nyingi huharibu vitamini moja mwilini. Moto huondoa hatari hiyo. Wala samaki peke yake hafai siku zote: twabadilisha kwa moyo, mapafu na matumbo ya kuku yaliyopikwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, kwa kuwa hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Vitunguu pia hapana, ni sumu katika damu yake. Na maziwa, ambayo picha zote za vitabu humwonyesha akiyanywa, humharisha paka wengi waliokwisha acha ziwa la mama.

Wakati wa mwezi mpevu taa za wavuvi hazivuti samaki, na ndakala hupanda bei sokoni. Basi twaweka akiba kopo moja la waliokauka.

Mama mmoja jirani alituona tukijaza kopo hilo akasema: «Mwalimu, kuna watoto wanaokula sombe tupu, nanyi mwampa pusi samaki?» Neno hilo lilituchoma, nalo lina haki yake. Tulimwonyesha kopo. Ndani mlikuwa vichwa na vipande vilivyovunjika, vile vinavyobaki chini ya kikapu ambavyo muuzaji huviuza kwa bei ndogo. Watoto wetu hula kwanza. Pusi hula yanayobaki jikoni, ila kwa saa yake na kwa kipimo. Kisha tulimwonyesha gunia la mahindi, zima. Hakusema kwamba ameridhika, lakini alishika kitambaa cha gunia kwa muda.

Tulimjibu pia yule mwanafunzi. Paka aliyeshiba huwinda vilevile, kwa sababu kuwinda na njaa si kitu kimoja ndani yake. Tena mwenye nguvu hushinda panya, mnyonge hukimbia. Kama wake hula bila kushiba, tumbo nene na mgongo mwembamba, huenda ni minyoo: apewe dawa kwa shauri la daktari wa mifugo, na watoto wanawe mikono baada ya kumshika, kwa maana mayai ya minyoo hiyo huweza kumwingia mtu. Kinyume chake, mdogo akikataa chakula siku nzima, msingoje ya pili.

Na kama baba yake aliweka sumu ya panya ghalani, aiondoe kabla ya kumfungulia paka mlango, maana panya aliyekula sumu humwua na mlaji wake.