Ujasiri wa Lumumba na dhahabu ya Namoya

Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo na mzaliwa wa Onalua, alifanya kazi Maniema akiwa kijana, katika kampuni ya madini, kabla ya kwenda Kisangani mwaka 1944. Hotuba yake ya siku ya uhuru, 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin, husifiwa sana, na ni haki. Lakini linalotugusa sisi zaidi ni la Lodi, kando ya mto Sankuru, mwanzoni mwa Desemba mwaka huohuo. Akiwakimbia askari wa Mobutu, mkuu wa jeshi aliyekuwa amechukua madaraka, alikuwa amekwisha kuvuka kwa mtumbwi. Ng'ambo walibaki mkewe Pauline na mtoto wao mdogo Roland, na askari hao wakawafikia. Inasimuliwa kwamba wenzake walimsihi asirudi. Alirudi, akakamatwa. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga.

Dhahabu ya Namoya, hapa Kabambare, imechimbwa na kusafirishwa miaka mingi, huku watu wa Salamabila wakikimbia risasi, na barabara ya Kasongo ikigeuka tope mvua inaponyesha. Wanaoomba kura zetu hulitaja jina la Lumumba majukwaani. Kama yeye alivyowarudia watu wake, waje basi Salamabila, walale huko, wawasikilize wachimbaji na wakulima, kisha watueleze hadharani dhahabu hiyo imewajengea nini wenyeji.