Chuma cha beto kiuzwe kwa kilo

Ukienda kununua sukari, muuzaji anaweka mizani mbele yako. Nyama pia. Lakini chuma cha beto, kile kinachobeba dale juu ya vichwa vya watoto wetu, tunakinunua kwa macho tu: "Nipe vyuma 20 vya 12." Nani anapima?

Tupige hesabu. Chuma cha milimita 12 chenye urefu wa metre 12 kinapashwa kuwa na uzito wa kilo 10,6 hivi. Cha 10 ni kilo 7,4. Cha 8 ni kilo 4,7. Ikiwa kile wanachokuuzia kama 12 kina milimita 11, jicho haliwezi kuona tofauti, lakini umepoteza asilimia 16 ya chuma. Kwa vyuma 100, ni karibu kilo 170 ulizolipa bila kuzipata.

Kupoteza makuta si ndiyo hasara kubwa. Beto ni ngumu sana inapokandamizwa, lakini inapovutwa inapasuka upesi. Chuma ndicho kinaishikilia. Dale ya chumba cha metre 4 kwa 4, yenye unene wa sentimetre 15, ina uzito wa tani 6 hivi. Na sisi tunaishi juu ya bonde la ufa. Mwezi wa 12 mwaka 2005, tetemeko la ziwa Tanganyika lilibomoa nyumba Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008, lingine liliua watu Bukavu na upande wa Rwanda. Leo miji yetu inapanda etaje juu ya etaje.

Wachuuzi watasema mteja mwenyewe anatafuta bei ya chini. Sawa. Anayetaka chuma chembamba akinunue, lakini kwa jina lake na kwa bei yake. Mizani haitamsahihisha fundi anayepunguza simenti, ila itaondoa udanganyifu mmoja.

OCC, ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia inchini, ipime vyuma mpakani. Serkali ilazimishe kila duka la vifaa vya ujenzi kuandika uzito pembeni ya bei.

Tukingojea hayo, wewe unayejenga, beba metre na mizani. Chagua chuma kimoja, pima urefu, kisha uzito. Muuzaji akikataa, toka, nenda duka lingine.