PAKITI ILIYOVIMBA SI CHAKULA



Jana kwenye duka moja hapa kijijini nimekuta maziwa ya pakiti yamevimba kama puto. Muuzaji akanionyesha tarehe: "Katibu, bado miezi miwili." Mimi nimesomea uhasibu, tarehe ndiyo kazi yangu, lakini vijidudu havisomi tarehe. Pakiti ikipata hata tundu la sindano njiani vinaingia, vinazaana, na gesi yao ndiyo inayoivimbisha.

Wapo wanaosema haya si mambo ya Chama. Ni ya Chama! Mwishoni mwa 1997 Ulaya ilizuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Na kamba wetu wakikosa barafu, mnunuzi anawakataa hapo hapo. Sasa tunacholetewa sisi, nani anakikataa?

Afrika Kusini, 2017 hadi 2018, listeria iliyokuwa kwenye poloni ya kiwandani iliua watu zaidi ya 200. Pakiti nzuri, nembo nzuri. Kijidudu hicho huzaana hata ndani ya friji, sembuse hizi zinazozimwa usiku kubana umeme.

Tangu 2019 usalama wa chakula uko TBS. Barua ya Tawi kuomba ukaguzi imeandikwa, nakala kwa Mtendaji. Mwenye pakiti iliyovimba asiifungue, asimpe mtoto wala kuku, ailete nihesabu. Muuzaji anayeona tunamharibia biashara aje kikaoni Jumamosi saa kumi.

Katibu wa Tawi, Mbuchi