Huduma ya Mgonjwa Asiyepona Hupimwa Usiku

Katika ukurasa huu tumezoea kuwaambia ninyi mfanye nini: mchemshe maji ya kunywa, mpeleke watoto kliniki, msichelewe kuja hospitali. Mwezi huu tunataka kusema juu yetu wenyewe, sisi wauguzi tunaopanda vijijini kuwatembelea wagonjwa ambao hospitali haiwezi tena kuwaponya. Swali letu ni hili: mtajuaje kama huduma tunayowaletea ni nzuri?

Tuanze na kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa masika, tulimtembelea mzee mmoja katika vijiji vya juu, karibu na msitu. Gari tuliliacha barabarani kwa sababu ya tope, tukapanda kwa miguu katikati ya migomba. Mzee alikuwa na kansa ya umio, yaani njia ya chakula, ugonjwa ambao sisi wa Kilimanjaro tunauona mara nyingi. Hakuweza kumeza kitu kigumu. Aliishi kwa mtori mwepesi na maziwa. Mke wake alitukaribisha vizuri, akatupangusia benchi. Tulimwuliza, "Baba anaendeleaje?" Akajibu, "Hajambo kidogo, sista. Mungu awabariki kwa kutukumbuka."

Tulimpima mzee presha, tukaacha chupa ya dawa ya maumivu ya wiki moja, pamoja na sabuni na sukari. Tukasali pamoja nao, tukaondoka. Katika daftari letu tuliandika: "Ametembelewa. Hali nzuri." Tuliahidi kurudi baada ya wiki moja. Mvua ikazidi, gari likaharibika, tukarudi siku ya kumi na mbili. Tulikuta turubai limefungwa uani na watu wamekaa msibani.

Mkwe wa yule mama alitusindikiza hadi barabarani. Akatuambia kwa sauti ya chini, "Sista, dawa iliisha. Usiku baba alikuwa akiuma shuka ili wajukuu wasimsikie." Tukamwuliza kwa nini hawakutuma mtu. Akasema, "Mama alikataa. Alisema mnatoka mbali, mnakuja kwa miguu, tusiwasumbue."

Tangu siku ile tumefahamu kwamba daftari letu lilikuwa likisema uongo bila sisi kukusudia. Lilihesabu safari zetu. Halikuhesabu usiku wa mgonjwa.

Huduma yenyewe ni ipi?

Watu wengine huiita hospisi, na siku hizi Wizara ya Afya huiita tiba shufaa. Maana yake ni kumtunza mtu mwenye ugonjwa mzito usiopona, pamoja na familia yake, ili aishi siku zake bila mateso yanayoweza kuzuilika. Aliyeifungulia njia huduma hii ya kisasa ni Cicely Saunders wa Uingereza. Alianza kama muuguzi kama sisi, akawa ofisa ustawi wa jamii, hatimaye akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua Hospisi ya St Christopher's mjini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa hayamo mwilini tu. Yamo pia katika mawazo, katika mambo ya nyumbani na katika roho.

Huku Afrika Mashariki, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akaonyesha kwamba mofini ya maji, ya kunywa, inaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo na kutumika nyumbani kwa mtu maskini. Hapa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam na Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, zilikuwa miongoni mwa waliotangulia. Mwaka 2004 Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika kilizinduliwa Arusha. Na hapa Moshi, KCMC ilipata kituo chake cha kansa mwaka 2016.

Kwa hiyo hatuwezi tena kusema huduma hii ni jambo la Wazungu, au la mjini. Imo kwetu. Kazi iliyobaki ni kuitazama kama inafanyika vizuri.

Vipimo vinavyodanganya

Watu wengi huipima huduma kwa gari, kwa jengo, au kwa zawadi. "Wale wana gari jipya." "Hawa walituletea mchele." Nasi watumishi tunajipima kwa hesabu: mwezi huu tumetembelea nyumba ngapi. Wafadhili hupenda hesabu hizo, nasi tunazipenda kwa sababu ni rahisi kuzipata.

Hatusemi sabuni na sukari si kitu. Nyumba yenye mgonjwa hufua shuka kila siku, na sabuni ni msaada wa kweli. Lakini sabuni haitulizi kansa. Mgonjwa aliyepewa mchele na kuachwa akilia usiku kucha hajahudumiwa.

Kipimo kingine kinachodanganya ni adabu yetu Wachaga na jirani zetu wote. Mgeni akikuuliza habari, utasema ni nzuri hata kama nyumba inaungua. Tena huduma ikiwa ya bure, na ya Kanisa, mtu huona kuuliza ni kukosa shukrani. Ndugu zetu, hapo ndipo tunapokosea pamoja. Asante yenu tunaipokea, lakini asante inayoficha maumivu humwumiza mgonjwa mara ya pili.

Maswali sita ya kuuliza

1. Je, mgonjwa hulala? Hili ndilo swali la kwanza. Wataalamu wa tiba shufaa wa Afrika wametengeneza maswali kumi ya kupima huduma: saba huulizwa mgonjwa na matatu huulizwa wanaomtunza. La kwanza linahusu maumivu ya siku tatu zilizopita. Hata asiyejua kusoma anaweza kuonyesha maumivu yake kwa mkono: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni makali yasiyo na kifani. Muuguzi ambaye hajamwuliza mgonjwa wenu juu ya maumivu, na juu ya usiku wake, bado hajaanza kazi.

2. Je, dawa hukatika? Shirika la Afya Duniani liliweka ngazi ya kutuliza maumivu tangu mwaka 1986: huanza na dawa kama panado, na maumivu yakizidi hupandishwa hadi mofini. Tena dawa hutolewa kwa saa, bila kungoja mgonjwa alie. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, kwa kipimo alichopanga mtaalamu. Chupa ikiisha Ijumaa na wauguzi wakaja Jumatano, hizo ni siku tano za mateso. Huduma nzuri huacha dawa ya kutosha mpaka safari inayofuata, na akiba kidogo kwa ajili ya mvua. Angalieni pia kama pamoja na mofini mmepewa dawa ya kulainisha choo. Mofini hufunga choo, na anayeitoa peke yake hajali au hajafundishwa.

3. Je, kuna mtu wa kupigiwa simu? Maumivu hayafuati saa za ofisi. Waulizeni wahudumu: usiku tukikwama, tumpigie nani? Kama hawana jibu, au namba waliyoitoa haipokelewi, waambieni. Hata wasipoweza kupanda usiku ule, maelezo ya simu yanaweza kuwafikisha asubuhi.

4. Je, mmeambiwa ukweli? Mgonjwa akitaka kujua hali yake, aambiwe kwa upole, kwa lugha anayoielewa. Tumeona familia zikiuza ng'ombe, hata kupangisha shamba, kufuata dawa ya kuponya wakati hakuna aliyethubutu kuwaeleza kwamba ugonjwa umefika mbali. Tumeona watoto walioko Dar es Salaam wakiamuru kwa simu baba apakiwe garini usiku, naye anataka kubaki kitandani kwake. Mzee anayejua hali yake hupata nafasi ya kuwaita watoto, kuusema wosia wa kihamba na kupatana na ndugu aliyekosana naye.

5. Je, anayemtunza amefundishwa? Sisi hukaa saa moja, naye hukaa usiku na mchana. Amefundishwa kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya kulalia? Kumsafisha kinywa? Kutunza kidonda kinachonuka? Harufu ya kidonda cha kansa huwafukuza majirani na kumwaibisha mgonjwa, lakini inaweza kupunguzwa sana kwa vidonge vya metronidazole vilivyosagwa na kunyunyizwa kidondani, kama muuguzi atakavyoelekeza. Na je, kuna aliyemwuliza mlezi huyo kama yeye mwenyewe amelala?

6. Je, wanarudi baada ya mazishi? Wengi humiminika siku ya maziko. Baada ya wiki mbili mjane hubaki na kitanda kitupu. Huduma nzuri hurudi walau mara moja, husikiliza, na huzichukua dawa zilizobaki, maana mofini si ya kuachwa kabatini wala kugawiwa jirani.

Hofu ya mofini

Kuna familia zinazokataa mofini zikisema, "Hiyo ni ya kumwua." Tunawaelewa, kwa sababu mara nyingi huletwa wakati mgonjwa amekwisha kuwa karibu na kufa, watu wakaona alikunywa akafa. Ukweli ni kwamba ugonjwa ndio uliomwua. Ikitolewa kwa kipimo na kuongezwa polepole kadiri ya maumivu, mofini haimfanyi mgonjwa wa kansa kuwa mlevi wa madawa. Siku za kwanza anaweza kusinzia au kusikia kichefuchefu, kisha mara nyingi hali hiyo hupungua. Wengi huanza tena kula, kuongea na kukaa nje juani.

Wapo pia wanaodhani Mkristo mwema lazima avumilie yote. Papa Pio wa XII aliwajibu madaktari mwaka 1957 kwamba ni halali kutuliza maumivu makali kwa dawa, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha vivyo hivyo. Kumwua mgonjwa ni dhambi; kumtuliza ni huruma. Tena anayepumua bila mateso huweza kuungama, kupokea Mpako wa Wagonjwa na kuagana na watu wake akiwa na akili timamu.

Tuwe wa haki pia

Msitupime kwa mambo yasiyo kosa letu. Mgonjwa kufariki si alama kwamba huduma ilikuwa mbaya. Tulijua tangu mwanzo kwamba hatutamponya. Barabara za masika hatukuzitengeneza sisi, wala dawa ikikosekana katika mkoa mzima hatuwezi kuitoa mifukoni. Lakini kutowaambia kwamba dawa haipo, hilo ni kosa letu. Kuahidi wiki moja na kuja baada ya mbili bila kupiga simu, hilo nalo ni letu.

Tufanye nini?

Tunashauri kila Jumuiya Ndogo Ndogo yenye mgonjwa wa namna hii imchague mtu mmoja, asiye na haya ya kusema, awe karibu na familia hiyo. Awe na daftari la shule la kawaida. Kila asubuhi aandike mambo matatu: mgonjwa alionyesha vidole vingapi, alilala saa ngapi, dawa imebaki kiasi gani. Wauguzi wakifika, wasomewe daftari hilo kabla ya chai.

Nasi wahudumu, wa dhehebu lolote na wa serikali, tunapaswa kulitaka daftari hilo. Tusikasirike tukisomewa vidole vinne. Tuongeze dawa, tupige simu kwa daktari, tubadili tarehe ya kurudi. Mhudumu anayechukia kuulizwa na familia, huyo awatie wasiwasi.

Sisi tumekwisha kubadili swali letu. Tukifika nyumbani hatuishii kwenye "Hajambo?" Tunauliza, "Jana usiku aliamka mara ngapi, na kilichomwamsha ni nini?" Mara ya kwanza watu hustaajabu, hutazamana. Kisha mama mwenye nyumba huvuta kigoda, akakaa, akaanza kutueleza.

Basi, ndugu msomaji, siku tutakapofika kwako, tafadhali usituonee haya. Utuambie habari za usiku.