Macho ya wazazi wetu: Tusiseme "ni uzee tu"



Katika nyumba zetu wapo wazee waliozoea kusoma Msahafu kila baada ya swala ya Alfajiri, na sasa wameacha. Ukiuliza utaambiwa, "Macho yamechoka, ni uzee tu." Kisha mtoto anapita sokoni, anamnunulia mzee miwani ya kusomea, na anaona haki ya mzazi imetimia. Mimi nasema haijatimia. Kuna maradhi ya macho ambayo miwani haiyasaidii, na ukichelewa, uoni uliopotea haurudi.

Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, uitwao retina. Katikati yake ipo sehemu ndogo iitwayo makula. Hiyo ndiyo inayotuwezesha kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura ya mtu. Makula ikiharibika, mzee bado anatembea mwenyewe kwa kuwa uoni wa pembeni umebaki, lakini akikutazama usoni anaona kiwingu. Ndiyo maana wengine husingiziwa kuwa wanajifanya, au wana kiburi cha kutosalimia watu.

Ugonjwa huu wa uzeeni una aina mbili. Aina kavu huenda polepole, kwa miaka. Aina ya majimaji ni ya haraka: mishipa dhaifu ya damu huota chini ya makula na kuvuja, na uoni unaweza kuanguka ndani ya wiki chache. Wenye kisukari nao, hata wasio wazee, makula zao huweza kuvimba kwa sababu ya mishipa inayovuja. Hao wapimwe macho kila mwaka hata kama wanaona vizuri.

Mpime mzee wako leo. Avae miwani yake, afunike jicho moja, atazame nondo za dirisha au mistari ya daftari la hesabu. Kisha abadilishe jicho, maana jicho zima huficha ubovu wa mwenzake. Kama mistari iliyonyooka inaonekana imepinda, au kuna doa katikati, mpeleke kwa daktari bingwa wa macho wiki hiyo hiyo. Hapa Tanzania, Muhimbili, CCBRT na KCMC zina idara za macho. Daktari atamtia matone ya kupanua mboni, ataichunguza retina, na pengine ataipiga picha kwa mashine ya OCT, ambayo haiumi.

Tiba ya aina ya majimaji ni sindano ndani ya jicho, baada ya kutiwa ganzi. Huzuia mishipa kuvuja, na mwanzoni mara nyingi hurudiwa kila mwezi. Kuhusu gharama, muulizeni daktari juu ya bevacizumab. Ni dawa ya saratani ambayo hutumika kwa jicho kwa kiasi kidogo, na ni nafuu kuliko zilizotengenezwa mahsusi kwa macho. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2011 ulionyesha kuwa inalingana na ranibizumab katika kulinda uoni, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu.

Kwa aina kavu, sindano hizi hazisaidii. Mgonjwa aache sigara, ale mboga za majani na samaki, na aendelee kupimwa, kwani kavu huweza kugeuka kuwa ya majimaji.

Ndugu zangu, asali na habasoda zina nafasi yake, lakini msimtie mzee machoni. Ramadhani nayo isiwe sababu ya kuruka sindano. Muulizeni sheikh na daktari mapema, tarehe ipangwe.

Tunachangishana mamilioni kwa harusi ya siku moja. Je, tunashindwa kuchangia macho ya mama aliyetulea? Kamati za misikiti nazo zialike wataalamu wapime wazee baada ya swala ya Ijumaa. Mtume (s.a.w.) ametufunza kutafuta tiba, na dua haikatazi hospitali. Fanyeni yote mawili, na mfanye mapema.

Wabillahi tawfiq.