Shule ni Yako, Ufunguo Kashika Nani?

Ndugu msomaji, wewe uliyeegemea bodaboda yako pale stendi ya Ifakara, na wewe unayesubiri gari la mpunga lipakiwe kule Mngeta, tunataka utujibu swali moja tu. Shule ya sekondari ya kata yako ni mali ya nani?

Usijibu haraka. Tunajua utasema ni ya wananchi. Mawe ya msingi alisomba baba yako, matofali alifyatua kaka yako, na mama yako alibeba maji kichwani ili zege likorogwe. Yote ni kweli. Lakini mali ya mtu ina dalili zake. Mwenye nyumba anajua ufunguo uko wapi, nani kapanga chumba kipi, na kodi ya mwezi jana imekwenda wapi. Je, wewe unajua shule ya kata yako ilipokea shilingi ngapi mwezi uliopita? Unamjua mwenyekiti wa bodi yake? Ulimpigia kura lini?

Kama umekaa kimya, basi tahariri hii ni yako.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1972 serikali ilizivunja halmashauri zilizochaguliwa na wananchi. Utaratibu ule uliitwa Madaraka Mikoani, lakini madaraka yenyewe walipewa watumishi wa serikali kuu waliotumwa mikoani. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Hata hivyo shule za sekondari hazikurudi nazo. Ziliendelea kushikwa na wizara hadi mwaka 2009, ndipo zikakabidhiwa halmashauri chini ya TAMISEMI.

Wakati huo shule zilikuwa zimekwisha kuota kama uyoga. Mwaka 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza, shule za sekondari za serikali nchi nzima zilikuwa 828. Mwaka 2010 zilikuwa 3,397. Ndizo hizo shule za kata. Nani alizijenga? Wananchi kwa michango na nguvu zao, serikali ikamalizia. Palipokosekana hiari, mchango uligeuka deni, na asiyelipa alitafutwa.

Zikajengwa. Walimu je? Maabara je? Vitabu je? Jibu tulipewa Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Watahiniwa 240,903 walipata sifuri, sawa na sita katika kila kumi. Kelele zikawa kubwa, tume ikaundwa, alama zikapangwa upya na sifuri zikapungua kwenye karatasi. Lakini ndugu msomaji, ulisikia bodi ya shule gani imewaita wazazi na kuwaeleza kilichotokea? Mkuu wa shule alitazama juu wizarani, wizara ikatazama chini kwa mkuu wa shule. Mzazi aliyebeba mawe alibaki katikati, hana wa kumuuliza.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Shule ya kata ilijengwa na mikono ya chini, lakini inaendeshwa kwa amri za juu.

Tazama mnyororo wenyewe. Mwalimu analipwa mshahara na Hazina. Ajira na nidhamu yake viko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mkuu wa shule anateuliwa. Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa. Mkuu wa wilaya anateuliwa. Inabaki bodi ya shule, ambayo mizizi yake imo katika Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978. Hiyo nayo wajumbe wake huteuliwa, hawapigiwi kura na wazazi. Katibu wake ni nani? Ni yule yule mkuu wa shule. Anayepaswa kuulizwa maswali ndiye anayeandika kumbukumbu za kikao!

La kuchekesha ni kwamba shule ya msingi, hiyo ya mdogo wako wa darasa la tatu, ina kamati yenye wajumbe waliochaguliwa na wazazi wenzao. Mtoto akivuka darasa la saba, haki ya mzazi ya kuchagua inaachwa nyuma pamoja na kaptura.

Utasema dawa ni kura. Sisi tunaipenda kura, lakini tuseme ukweli. Mwaka 2015 bonde hili lilipeleka bungeni wabunge wawili wa CHADEMA, wa Kilombero na wa Mlimba. Mwaka 2020 majimbo yote mawili yakarudi CCM. Katika mabadiliko hayo yote, ni mjumbe gani wa bodi ya shule aliyeingia au kutoka kwa kura yako? Wabunge walibadilika, utaratibu wa bodi ukabaki ule ule. Kwa hiyo suala hili ni kubwa kuliko rangi ya bendera. Hata chama unachokipenda kikishika dola kesho na kuiacha sheria ilivyo, mzazi wa Namwawala ataendelea kuchungulia dirishani.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo wakubwa hupenda tusinzie.

Elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ada ikafutwa pia kidato cha tano na sita. Ni jambo jema, na asiyelipongeza ana lake. Lakini bila ada maana yake siyo bila gharama. Ada ya kutwa iliyofutwa ilikuwa Sh 20,000 kwa mwaka, na serikali iliahidi kuifidia. Juu yake ipo ruzuku ya uendeshaji, Sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo katika mpangilio wa mwaka 2016 nusu yake, yaani Sh 12,500, ilibaki juu kwa ajili ya vitabu.

Chukua kalamu. Shule yenye wanafunzi 600 wa kutwa, kwa viwango hivyo, inapata fidia ya ada Sh milioni 12 kwa mwaka, na ruzuku inayoifikia ni Sh milioni 7.5. Jumla Sh milioni 19.5. Gawa kwa miezi 12, unapata Sh 1,625,000. Gawa tena kwa wanafunzi 600, kila mmoja anaangukiwa na Sh 2,708 na senti kadhaa kwa mwezi. Humo itoke chaki, mitihani, dawa za maabara, umeme, mlinzi na ukarabati wa dawati lililovunjika. Vijana mnaokunywa chai na chapati mbili asubuhi mnajua fedha hiyo inaishia asubuhi ya ngapi.

Pengo hilo linazibwa na nani? Na mzazi, kwa jina jipya: mchango. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango katika shule za umma, na walimu wakuu wakaogopa hata kulitamka neno hilo. Lakini amri haipiki uji wala hainunui karatasi za mtihani. Mchango ukifungwa mlango wa mbele, huzunguka ukaingia wa nyuma, na mchango wa mlango wa nyuma hauna risiti.

Tusisahau fedha za majengo. Mwaka 2021, kutokana na mkopo wa UVIKO-19, serikali ilitangaza kujenga madarasa 15,000, na 12,000 kati yake ni ya sekondari, kila moja kwa Sh milioni 20. Benki ya Dunia nayo ilikuwa imeidhinisha mwaka 2020 mkopo wa dola milioni 500 kwa ajili ya sekondari. Mikopo hiyo tutailipa wewe na mimi na wajukuu zetu. Sehemu kubwa ya ujenzi wa namna hii hufanywa na mafundi wa mtaani badala ya makandarasi wakubwa, na shule inatakiwa kuwa na kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Hii ya mapokezi ndiyo inayohesabu mifuko ya saruji inaposhushwa garini. Msomaji, unamjua hata mmoja aliyemo katika kamati hiyo kwenye kata yako? Mifuko 10 ikishushwa na 15 ikaandikwa, ukuta utakaopasuka ni wa darasa la mdogo wako, siyo wa ofisi ya mtu.

Wenzetu wanafanyaje? Katika jimbo la Illinois, Marekani, zipo wilaya za shule zinazosimamia sekondari peke yake. Kila wilaya ina bodi ya watu saba waliopigiwa kura na wakazi, wasiolipwa mshahara. Bajeti sharti iwekwe wazi kwa siku 30 kabla ya kupitishwa, na mkazi yeyote anaweza kwenda kuisoma na kuipinga. Hapa jirani Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka bodi ya shule iwe na watu sita waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi.

Lakini tusiwe kasuku wa kuiga kila cha Wamarekani. Bodi zao hutegemea sana kodi ya majumba ya eneo lao. Penye majumba ya matajiri shule hunona, penye vibanda shule hukonda. Wazazi maskini wa San Antonio, Texas, walifika hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo kulalamikia jambo hilo, na mwaka 1973 walishindwa kwa majaji watano dhidi ya wanne. Hatutaki hayo. Kwa utaratibu wetu mtoto wa Mofu anahesabiwa shilingi sawa na mtoto wa Oysterbay, na hilo tulilinde kwa wivu. Fedha itoke Hazina, tena iongezwe. Jicho la kuitazama liwe la mzazi.

Wapo watakaosema wananchi wa bondeni hawana elimu ya kusimamia sekondari. Eti watachagua wapiga porojo. Kulikoni? Wakulima wa miwa wa Kidatu wanachagua viongozi wa vyama vyao, vyama vinavyoshughulika na mamilioni kila msimu. Akina mama wa vikoba wanatunza fedha na daftari lao halina doa. Watu hao hao huaminiwa kumchagua Rais wa nchi. Iweje wasiaminiwe kumchagua wa kuhesabu madawati? Kweli, mjanja anaweza kuchaguliwa. Tofauti ni kwamba mjanja uliyemchagua unaweza kumwondoa.

Na usidhani haya ni mambo ya wazee kwa kuwa wewe huna mtoto kidato cha pili. Una dada. Msimu wa mpunga wazazi wakihamia mashambani na kulala kwenye madungu, binti anayesoma shule ya mbali anabaki mjini katika chumba cha kupanga, peke yake, na wanaomjua njaa yake ni wengi. Wewe kijana wa bodaboda unajua tunasema nini. Bodi yenye mzazi anayelala dunguni ingeanza ajenda yake na hosteli ya wasichana. Bodi ya wateule inaanza na mahafali na mgeni rasmi.

Basi tufanye nini? Kunung'unika kijiweni hakujengi choo. Sheria zilizopo, pamoja na ubovu wake, zina matundu ya kupitisha mkono.

Kwanza, vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Kama uko Ifakara nenda Halmashauri ya Mji. Kama uko Chita au Mbingu, yako ni Halmashauri ya Mlimba, ile iliyokuwa ikiitwa ya Wilaya ya Kilombero hadi mwaka 2021. Ushuru unaokatwa kwenye mpunga getini unaingia huko, na hiyo ndiyo fedha ambayo diwani wako ananyoosha mkono kuigawa. Ukae nyuma, usikilize amenyoosha mkono kwa lipi.

Pili, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andikeni vijana watano kwa pamoja. Ulizeni mambo matatu: shule imepokea kiasi gani, imetumia kwa lipi, na akina nani wamo katika bodi na kamati za ujenzi. Msitukane mtu. Barua ya heshima yenye nakala kwa diwani na mbunge inatisha kuliko matusi ya mwezi mzima.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mgombea yeyote atakayepanda jukwaani mwenu, awe wa chama chetu au cha wenzetu, mwulizeni neno moja: utaibadili sheria ili bodi ya sekondari ichaguliwe na wazazi, na katibu wake asiwe yule anayekaguliwa? Akianza kuzungukazunguka kama maji ya mafuriko yaliyokosa mto, mwacheni aondoke na muziki wake.

Baba zetu walisomba mawe bila kuuliza, kwa sababu waliambiwa shule ni yao. Sisi tuliosoma humo tukatoka na vyeti vyepesi tumekwisha kujua kuwa mwenye mali ni yule anayeshika ufunguo. Tuudai, maana wakwe wa mlango ule ni sisi, na watoto watakaoketi ndani ni wetu.